Mtoto Haimbiwi Kabla Hajalia

Kambi ya mkonge,
Same, Upareni.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo.

Neno hilo nimeliandika kwenye mstari wake peke yake, ili Yusta akifika hapo anyamaze kidogo nawe upate nafasi ya kuitika. Naamini umeitika. Mguu wako unaendeleaje? Na kile kikohozi cha alfajiri, kimekwisha au bado unakificha kwa kujifanya unasafisha koo? Mvua zimenyesha Kasulu? Huku kwetu bondeni zimetupita juu kwa juu, zimekwenda kuwanyeshea wenye milima yao, sisi tumeachiwa upepo na vumbi. Mwili wangu hauna neno. Chakula napata, ingawa siku hizi kinapita kooni kwa shida, na sababu yake ndiyo barua yenyewe.

Yusta mdogo wangu, msomee Mama polepole. Usiruke mahali kwa kuona panatisha. Ukiruka atakujua, maana sauti yako hupanda unapodanganya, tangu utoto.

Mama, nina hofu. Nimetafuta namna ya kuizunguka nikashindwa, basi naisema waziwazi. Mkweo Namkunda ana mimba tena. Sikukuandikia mapema kwa sababu unazozijua. Tangu mvua zilipoanza huko juu amelazwa hospitali ya Gonja. Alianza kuvuja damu, wakamwambia alale tu, asisimame ila kwa jambo la lazima. Sasa daktari anasema hawatangoja uchungu. Alhamisi hii watampasua wamtoe mtoto. Leo ni Jumanne. Kesho nakwenda Gonja, na barua hii nampa dereva wa lori la singa za mkonge aitie posta mjini Same.

Barua ina mwendo wake, na treni ya kuja kwenu unaijua. Telegramu ina mbio zaidi, nayo nitaituma mwenyewe, vyovyote itakavyokuwa. Kwa hiyo yawezekana mnaposoma hapa mmekwisha kujua, na mimi ninayeandika ndiye nisiyejua. Jambo hilo linanitisha kuliko hata kisu cha daktari. Nawaona mmekaa jikoni, nyuso zenu zimekwisha kupata habari, nami sioni ni nyuso za namna gani.

Ngoja nikueleze ya kazi kwanza, nipate kupumua.

Kazi bado ipo, lakini inakohoa. Mkonge hauna soko kama zamani. Nusu ya vyumba vya kambi vina kufuli, watu wa Songea wengi wamerudi kwao, wa Singida wamekwenda kubahatisha kwenye madini. Inasemwa shamba litauzwa kwa mtu binafsi, na kila mwisho wa juma mnunuzi anabadilika jina na rangi. Mimi bado niko kwenye korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge na kuacha singa nyeupe. Niliwahi kukueleza mngurumo wake ukasema ni heri kukaa na mamba. Mjini Same nako mambo yamegeuka. Maduka yamejaa, Mama. Sabuni za kunukia, kanga, redio, viatu, na nguo za mitumba zinamwagwa chini kama mahindi ya kuanika. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, tunafika mbele tunaambiwa imekwisha? Siku hizi sabuni ndiyo iliyopanga foleni inatungoja sisi, na sisi tunapita tukitazama pembeni.

Sasa kuna ile kazi yangu ya pili, ya kuitungia kwaya nyimbo. Hapa kambini tumekusanyika watu wa kila upande wa nchi, na mtu akifa mbali na kwao hakuna shangazi wa kumlilia kwa lugha yake. Basi kwaya ndiyo shangazi. Mtu akifariki, wananijia, nakaa na jina lake, na kabla ya maziko wimbo unakuwa tayari, sauti zote nne. Korona inanisaidia. Ikinguruma, ndani ya ule mngurumo nasikia sauti ya nne ikitembea chini, kisha nyingine zinaipanda mgongoni. Watu wananiita Fundi wa Misiba, nami zamani nilijivuna kwa jina hilo.

Nikuambie siri ya ufundi huo. Huzuni ni kazi rahisi. Ukitunga kwamba binadamu ni mavumbi, hutaaibika hata siku moja, maana mwisho wote tunakufa na wewe unaonekana una hekima. Anayetunga furaha ndiye anayesimama uwanjani bila shati. Mambo yakija kinyume, kila mtu anamwona. Mimi shati langu sikulivua. Wasiwasi ndiyo akili, nilikuwa nikisema, na kwa akili hiyo nimetunga nyimbo nyingi, karibu zote za kuzikia.

Akili hiyo iliwahi kunitia aibu mara moja, na ucheke, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Tuna mzee hapa, Mzee Mapunda, mkataji wa mkonge wa siku nyingi, anaimba sauti ya nne na anajiona ndiye aliyeizaa. Mwaka jana alipelekwa hospitali hoi, amelazwa nyuma ya trekta. Nyapara akasema huyo harudi. Nikaona ni heri tuwe tayari, kwa sababu wimbo wa msiba ukitungwa kwa haraka sauti ya tatu hupwaya. Nikautunga mapema, tukaanza mazoezi. Jumamosi moja alasiri tumo kanisani tunaimba, "Pumzika Mzee Mapunda, panga lako tumelipokea," mlango uko wazi, na Mzee Mapunda mwenyewe huyo, ameteremka kwenye lori la mkaa, ameketi benchi la nyuma na kofia yake magotini. Waliomwona ni sauti ya kwanza tu, nao wakaogopa kunyamaza wakidhani ni mzimu. Wakaimba huku machozi yanawatoka. Sisi wengine tukawa tunasema moyoni, leo hawa dada zetu wana hisia kweli. Tulipomaliza, ikasikika kutoka nyuma, "Sauti ya nne mnaikimbiza. Rudieni."

Alininunia siku nyingi. Hakukasirika kwamba tulimzika. Alikasirika kwamba wimbo ulikuwa mzuri na yeye hakupangiwa kuimba. Mwishowe akanijia kwenye korona.

"Yoram, ule wimbo ni wangu?"

"Ni wako, Mzee."

"Basi sitaki ukae nao umeukunja kama sanda, unaningoja. Badili maneno. Tuni usiiguse, tuni ni nzuri."

Nikabadili. Pale pa Pumzika nikaweka Amka, na siku hizi wakataji wanauimba asubuhi wakienda shambani, yeye yuko mbele anaburuza ile sauti yake. Kumbuka habari hii, Mama, itarudi.

Sasa nije kwa watoto. Yule wa kwanza alikuja kabla ya wakati wake. Wa pili alitimiza miezi yote, akaja mzima kwa kumtazama, vidole vyote, nywele zote, ila hakulia. Nawe unakumbuka, wakati wa huyo wa pili nilimalizia barua kwa kuandika kwamba mjukuu wako anakusalimu. Ukanijibu kwa mkono wa Yusta: asiyefika hasalimu, usirudie tena. Jibu lako lilinifikia tumekwisha kumzika. Sisemi salamu ndiyo iliyomwondoa. Mimi ni mkristo na nimesoma kidogo. Lakini tangu siku ile, nikifika mwisho wa barua, mkono huwa unapapita pale kama mtu anayepita karibu na mbwa.

Nilimtungia wimbo yule wa pili. Ulipendwa. Kwaya za sharika jirani zimeuchukua mpaka kijiji cha Kisiwani, watu wananisimamisha sokoni wanipe mkono. Fikiria hilo, Mama. Wimbo wangu unaopendwa kuliko zote ni kaburi la mwanangu. Namkunda alikuwa sauti ya pili, na hakuna sauti kama yake kambini hapa. Siku tulipouimba hakufungua mdomo. Tulipofika nyumbani akasema, "Wewe umepata wimbo. Mimi sikupata kitu." Akaacha kwaya.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilikwenda kumtazama hospitali. Basi linazunguka chini ya milima kwa upande wa mashariki, na njiani tembo walikuwa wamesimama barabarani, dereva akazima injini tukangoja wapite. Abiria mmoja akasema kukutana na tembo ni bahati. Mwingine akasema ni mkosi. Unanijua, na unajua nilimwamini yupi.

Nilimkuta Namkunda amelala chali, amekonda mikono, tumbo limesimama kama kilima. Mama yake alikuwa hapo. Hushuka kutoka kwao Bombo, juu milimani, na kikapu cha makande na chupa ya chai, hukaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Ni mama wa shambani, wa kahawa na maharage na zamu ya maji ya mfereji. Hana maneno mengi, na alilolishika haliachii. Nikamwamkia, nikakaa upande wa miguuni, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

Namkunda akasema, "Yoram, nalala hapa kutwa kucha nikitazama dari. Nitungie wimbo wa kubembeleza, nimwimbie."

Mama mkwe akauliza kabla yangu, "Aimbiwe nani?"

"Mtoto, mama."

"Mtoto yupi? Mtoto haimbiwi kabla hajalia. Alie kwanza, tumsikie, ndipo aimbiwe. Hata mbeleko sijaitoa sandukuni, na sitaitoa."

"Wale wawili hatukuwaimbia," Namkunda akasema. "Walikaa?"

Mama mkwe akafunika makande, ingawa yalikuwa yamefunikwa tayari. Mimi nilikuwa upande wake, nakiri mbele yako. Nawe ungekuwa upande wake, maana ndivyo ulivyotulea, kwamba mbeleko hainunuliwi kabla ya mwana. Lakini mke wangu alinigeukia na yale macho yaliyoingia ndani kwa kukonda.

"Hata tuni tu, bila maneno. Anza."

Nikakohoa. Nikafungua mdomo nikatoa iliyokuwa karibu. Nilikuwa nimefika mstari wa pili ndipo nilipoitambua.

Mama, tuni ile ilinijia kwenye korona majuma kadhaa nyuma, imekamilika, na maneno yake juu. Haikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa ya kumzika huyu. Sikuitafuta, naapa. Akili yangu ilikuwa imekwisha kutangulia makaburini kama ilivyomtangulia Mzee Mapunda, imeketi kule inatungoja. Sikuwa nimemwambia mtu. Sikuwa nimeiandika popote, nikidhani nisipoiandika itakwenda zake. Maneno yake sitayaweka kwenye karatasi hii, wala nyingine.

"Nzuri," Namkunda akasema. Alikuwa amefumba macho. "Maneno yake je?"

"Bado."

"Uje nayo ile Jumapili utakayokuja na kwaya."

Maana kwaya yetu ina desturi ya kwenda kuwaimbia wagonjwa, na zamu ya Gonja ilikuwa inakaribia. Kisha akaanza kuivumisha mwenyewe, polepole, kiganja juu ya tumbo. Alikuwa ameishika yote kwa mara moja, unajua sikio lake. Na mtoto akacheza. Niliona shuka likiinuka na kushuka.

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Mke wangu anamwimbia mwanangu wimbo wa maziko yake, na anafurahi, na ni mimi niliyempa. Nilifikiri nirudi nimwambie ukweli. Halafu? Nimwambie kwamba mumewe amekwisha kumchimbia mtoto na kaburi limekwisha kupambwa sauti nne? Nikapanda basi la kurudi bila kumuaga vizuri.

Mtu pekee niliyemweleza ni Mzee Mapunda, kwa kuwa ndiye mtu pekee niliyewahi kumzika akarudi.

Akauliza, "Tuni ni nzuri?"

"Nzuri."

"Sauti ya nne ipo?"

"Ipo."

"Sasa unalia nini? Badili maneno kama ulivyobadili yangu."

"Wewe ulikuwa umepona, Mzee. Ulikuwa umesimama mbele yangu na panga mkononi. Huyu sijamwona."

Akakuna kidevu. "Hapo sijui," akasema. "Hapo kweli ni pagumu." Akachukua ndoo yake akaenda kuteka maji.

Basi nikabaki na ugumu wangu. Ile Amka ya Mzee Mapunda niliiandika baada ya kumwona ameamka. Huo si wimbo wa tumaini, hiyo ni taarifa. Huyu alitakiwa aitwe njoo na mtu asiyejua kama atakuja. Nilikaa chini ya nyaya tunazoanikia singa, karatasi gotini, nikaona siwezi. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Neno hilo nimelikalia maisha yangu yote kama kiti. Lakini siku ile nililigeuza nikalitazama upande wa pili. Kilio kimekuja kwangu mara mbili, Mama, na mara zote mbili nilikuwa mwoga vilevile. Sikununua kitu, sikutaja jina, sikuimba, ile salamu moja tu ndiyo iliyoniponyoka. Woga wangu nimeutumikia kwa uaminifu na haujanilinda hata kidogo. Nilichopata kwake ni kwamba wale watoto walikuja wakaondoka bila kuimbiwa na mtu wakiwa tumboni.

Nikaandika. Kila mstari ulitaka nitie "kama", nitie "labda". Nikazifuta. "Mungu akipenda" nikaiacha moyoni, yeye anajua iko hapo. Nimeandika kwa Kiswahili, maana Kichasu changu, lugha ya hawa Wapare, huwachekesha wakwe zangu, na Kiha chetu kwa Namkunda kinaishia kwenye salamu. Maneno ni haya:

Njoo mwana, njoo, mlango u wazi,
bibi wa Bombo ameinjika makande,
bibi wa Kasulu amefua mbeleko,
mama amekuwekea joto ubavuni.
Njoo mwana, njoo, baba yako mwoga,
uje umshike kidole asitetemeke.

Si wimbo wa kushangaza watu. Nyimbo zangu za kuzikia zina maneno mazito kuliko haya. Yusta, solfa, zile noti za do re mi, nimekuandikia nyuma ya karatasi. Utaona mwisho nimeugeuza. Zamani ulikuwa unashuka hadi do na kukaa. Sasa unaishia kwenye so, kama mtu aliyepiga hodi anangoja aambiwe karibu.

Juzi Jumapili tulikwenda, kwaya nzima nyuma ya lori, tumefika tumekuwa weupe kwa vumbi kama watu waliotoka kusaga unga. Wauguzi wakaturuhusu tusimame ndani ya mlango wa wodi. Tukaimba nyimbo za siku zote, kisha nikawapa noti ya so. Mikono yangu ilitetemeka hata sauti ya tatu wakaingia kabla ya wakati. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kwenye wa tatu nikasikia sauti ya pili imenenepa, nikatazama nani kaongezeka. Alikuwa ni Namkunda, palepale kitandani, amelala chali, macho darini, anaimba. Hakuwa ameimba tangu tulipomzika yule wa pili. Niliendelea kupunga mkono kwa sababu sikujua nifanye nini kingine nao.

Mama mkwe alikuwa amejitanda kanga mpaka masikioni. Hakutoka, lakini hakututazama. Tulipomaliza, akasema akiwa ameitazama sakafu:

"Mtoto mchanga hali makande."

"Atakua, mama," nikasema.

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Atakua. Sijapata kulisema juu ya mtoto wangu yeyote. Nikatamani nilirudishe mdomoni. Mama mkwe aliinua uso akanitazama machoni, jambo ambalo kwa heshima ya ukwe hatulifanyi. Sikuweza kusoma alichokifikiri. Kisha akafunua kikapu akaanza kupakua. "Kuleni," akawaambia wanakwaya. "Mmetoka mbali." Mbeleko bado iko sandukuni Bombo, nijuavyo mimi. Sikuthubutu kuuliza.

Usidhani nimepona hofu, Mama. Nimezidi kuogopa. Zamani nilikuwa nimejiandaa, nina wimbo wangu mkononi, baya lingekuja lingenikuta nimesimama. Sasa sina kitu. Ile ya kuzikia nimeiharibu mwenyewe, kila nikiijaribu kichwani inakuja na makande na mbeleko, na nyingine haiji. Leo korona imenguruma tangu asubuhi na sikusikia sauti hata moja ndani yake, mashine tu. Nimekata tonge nikalirudisha sahanini. Nikifumba macho naona mlango wa chumba cha upasuaji na mtu anautoka, nami namtazama midomo. Wimbo si dawa, hilo nalijua. Hautazuia damu wala kumpa mtoto pumzi. Mimi nimeutunga tu ili awe ameitwa, basi. Awe ameitwa kwa jina la njoo, na watu waliomtaka, kabla ya Alhamisi.

Nina ombi moja, nalo ni zito kwako. Nimekusemea uongo kwenye wimbo. Nimesema umefua mbeleko, na wodi nzima ya Gonja imesikia. Mama, ifue, uongo ule uishe. Ile yetu, uliyotubebea sote, najua iko wapi. Ifue uianike nje, pale majirani wanapopita, wakuulize. Najua ni kuvunja ulilotufundisha, na kwamba ulitufundisha kwa sababu wewe nawe uliwahi kuanika mapema ukajuta. Yusta usiruke hapo. Na kama telegramu imewahi na ina habari mbaya, ifue hivyo hivyo, muimbe hivyo hivyo, wewe na Yusta. Msinitafutie maneno mengine. Sitatunga mengine.

Nisalimie baba mdogo, mwambie kofia yake nimeiona kwenye mitumba, mwenziwe kabisa, mpaka tundu. Nisalimie shangazi na wote wa nyumba ya juu. Nisalimie mama wa nyumba ya jirani anayekupa moto asubuhi, na mchungaji wetu, aniombee bila kuniuliza mengi. Yusta, jisalimie mwenyewe, na upunguze kukua.

Wa huku wanakusalimu. Mzee Mapunda anakusalimu, ingawa hakujui, anasema mama wa fundi ni mama wa wote. Mama mkwe anakusalimu kutoka Bombo. Mkweo Namkunda anakuamkia, anasema akiinuka atakuandikia mwenyewe.

Na mjukuu wako anakuamkia. Anasema, shikamoo, bibi.

Yusta, nyamaza kidogo hapo. Mwache Mama aitike.

Ni mimi mwanao,
Yoram